Nauli ya Kurudi

Binti yangu nilikuwa namwita Mama. Kwetu Ukerewe, kama ilivyo kwa wengi wa Kanda ya Ziwa, mtoto uliyempa jina la mama yako mzazi humwiti ovyo kwa jina hilo. Unamwita Mama, naye anaitika kama mtu mzima. Jina lake kamili liko mgongoni mwa fulana ninayoivaa kila Septemba tunapotembea kutoka viwanja vya Furahisha, jijini Mwanza, hadi juu hospitali ya Bugando. Humu nitamwita nilivyozoea.

Alikuwa na miaka sita. Ilianza na jino. Mwezi wa tatu mwaka 2016, jioni tunakula, aliweka chini kipande cha muhogo akasema, "Baba, jino linacheza." Miaka sita ndiyo miaka ya meno kucheza. Tukacheka, nikamwambia likitoka tutalirusha juu ya bati ili apate jipya upesi. Sikuuliza ni jino gani. Lingekuwa la mbele, sawa. Lilikuwa gego, la juu kulia, na magego ya utotoni kwa mtoto wa umri ule zamu yake bado kabisa. Siku mbili baadaye likapata mwenzake. Kisha shavu likaanza kujaa.

Tulimpeleka zahanati. Jino likang'olewa, tukapewa dawa za kumeza siku saba. Aliyeling'oa simlaumu, maana na mimi ni mwalimu, nimesoma, na niliona kilekile alichokiona yeye: mtoto, shavu, jino. Tundu halikufunga. Jirani akaleta majani ya kukanda, tukakanda. Mzee mmoja wa ukoo akasema huyu kuna mtu kamtazama vibaya, kuna mahali pa kwenda. Hatukwenda, lakini tulikaa siku nne tukibishana twende au tusiende, na siku nne kwa ugonjwa ule ni nyingi mno. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba uvimbe wa aina ile unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Ndipo nikakumbuka nilivyokuwa naamka asubuhi nikaliona shavu kubwa kuliko nililoliacha usiku, nikadhani ni macho yangu.

Jicho la kulia lilipoanza kusukumwa kwenda juu, mama yake hakungoja kikao kingine cha ukoo. Alitia kanga mbili na sufuria kwenye mfuko, akasema, "Mimi naondoka na meli ya kesho. Anayekuja aje."

Bugando, daktari alimpapasa tumbo kabla hajagusa shavu. Nilishangaa. Akaniuliza tunatoka wapi, na mtoto huugua malaria mara ngapi kwa mwaka. Wakachukua kinyama kwa sindano, wakatoa damu, wakatoa na maji ya uti wa mgongo huku mama yake amemkunja magoti mpaka kidevuni na kumwimbia sikioni. Siku ya majibu daktari alivuta kiti akakaa, hakuniambia akiwa amesimama. "Mwalimu, hili si jino. Ni saratani, inaitwa limfoma ya Burkitt. Inatibika, ila lazima muanze leo."

Nilimwomba aniandikie hilo jina kwenye karatasi. Jioni, nimeketi kwenye ngazi na simu yenye bando la siku, nikalitafuta. Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya uvimbe wa mataya aliouona kwa watoto wa huku kwetu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari maelfu ya kilomita, hospitali kwa hospitali, wakiuliza ugonjwa huo unaonekana wapi, wakakuta unafuata maeneo ya joto na mvua, yaleyale ya malaria. Mwaka 1964 chembe za uvimbe uliotumwa Uingereza kutoka Uganda zilikutwa na kirusi ambacho leo kinajulikana duniani kote kwa majina ya waliokigundua, Epstein na Barr. Kirusi hicho watu wengi sana tunacho na hakitufanyi kitu. Kwa mtoto anayepigwa malaria mara kwa mara, mwili unachoka kukidhibiti.

Nilizima simu nikiwa na hasira ambayo mpaka leo sijaimaliza. Karibu miaka 60 ugonjwa huu una jina na una dawa, na ulielezwa na mtu aliyekuwa ng'ambo ya ziwa hilihili tunalovua samaki. Nami nafundisha sayansi darasa la tano, na katika kijiji chenye watoto mia kadhaa hatukuwa tumewahi kuusikia hata mmoja wetu.

*

Wodini Mama alipata kazi. Kila chupa ndogo ya dawa ina kifuniko cha plastiki ambacho muuguzi hukibandua kwa kidole gumba kabla ya kuchoma sindano ya kuvutia. Vya bluu, vyekundu, vya kijani, vya zambarau. Sista mmoja alimpa kimoja siku ya kwanza ili asilie, na tangu hapo kila trei ya dawa ilipoingia yeye alinyoosha kiganja. Alivitunza kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikavigeuza kuwa somo la hesabu. Vya bluu vitano, toa viwili. Panga kwa makundi ya tatu. Watoto wa vitanda vya jirani wakasogea, wengine wanasukuma na stendi ya dripu, nikawa na darasa la watoto saba wenye vipara.

"Vikifika mia tunaenda nyumbani?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo. Mwalimu mzima nilimjibu mtoto jambo nisilolijua.

Dawa moja aliyokuwa akichomwa ni vinkristini. Hutokana na ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, na sista aliponionyesha picha yake kwenye simu nilibaki kimya. Ua hilo lilikuwa limeota lenyewe pembeni mwa nyumba yetu ya shule. Mke wangu alikuwa akilimwagia maji aliyooshea vyombo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Uvimbe ule uliyeyuka. Sijui neno jingine. Ndani ya juma moja tangu aanze kemo, zile dawa za kuua saratani, shavu lilishuka kama andazi lililopigwa na baridi, jicho likarudi mahali pake, na siku ya tisa aliomba samaki. Nywele zilitoka zote zikabaki kwenye kanga, midomo ilichubuka, kuna siku damu ilishuka wakamwekea chupa mbili, lakini uso ulikuwa wake tena. Tulipomaliza mzunguko wa pili (wodini wenyewe wanasema saiko) tuliruhusiwa kwenda nyumbani tukirudi kwa tarehe. Wa tatu tukarudi. Daktari alisema mizunguko sita. Alisema mbele yetu wote wawili, akaandika kwenye daftari la kliniki, na akapigia mstari tarehe ya wa nne.

Hatukurudi tarehe hiyo.

Watu wanaponiuliza sababu huwa wanategemea niseme fedha. Bima nilikuwa nayo, kama mtumishi wa umma, ila bima hailipi meli, hailipi chakula cha mzazi anayelala chini ya kitanda cha mtoto, wala hailipi nauli ya bajaji kutoka bandarini. Mshahara ulishakatwa mkopo, akiba ilikuwa imekwisha. Hiyo ni kweli. Lakini nauli ningeweza kukopa. Sikukopa kwa sababu mtoto alikuwa anaruka kamba uani. Bibi yake alisema tumwache apumzike na zile sindano, mtoto ameshapona mnamtesea nini. Shuleni kulikuwa na mitihani. Nikasema tutakwenda wiki ijayo. Ikaja nyingine. Kila asubuhi nilikuwa namtazama akikimbiza kuku na kila asubuhi nilipata ushahidi mpya kwamba daktari alizidisha hofu.

Zilipita wiki saba. Siku moja alikuja kunionyesha daftari, nikaona upande mmoja wa mdomo haucheki. Jicho la kushoto halikufumba alipopepesa. Hakukuwa na uvimbe wowote mahali popote, shavu safi kabisa. Ugonjwa ulikuwa umerudi kwa njia ya kichwani.

Daktari yule yule alitupokea. Hakunigombeza. Ningemshukuru kama angenigombeza. Walijaribu dawa nyingine, wakampiga sindano za mgongoni, na kopo la vifuniko likaanza kujaa tena. Alifariki mwezi wa kumi na moja, alfajiri, akiwa amelala kifuani kwa mama yake. Vifuniko vilikuwa 63.

*

Kijijini tulizika, matanga yakaisha, misa ya arobaini ikasomwa. Baada ya hapo jina lake likafa pia. Watu wetu wana huruma, na huruma yao ni kunyamaza: usimtaje, utamliza mama yake. Waliokuja walisema Mungu amempenda zaidi, walisema ninyi bado vijana mtapata wengine. Mke wangu alinyamaza kwa adabu kwa miezi mingi. Kisha usiku mmoja akaniambia, "Hakuna mtu anayemtaja. Ni kama nilikwenda Mwanza na mfuko nikarudi na mfuko."

Mwaka 2018 nilipata uhamisho kuja Ilemela, hapa Mwanza. Septemba 20 ya mwaka huo kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora. Zaidi ya watu 220 walikufa, na katika kisiwa chetu hakuna aliyebaki bila ndugu, rafiki au mwanafunzi. Nchi iliomboleza siku nne, bendera zikapepea nusu mlingoti. Niliwalilia wale watu kwa machozi ya kweli. Na katikati ya kulia nilijikuta nafikiria watoto saba wa darasa langu la wodini. Ninaowajua mimi wamebaki wawili. Wale watano walikufa mmoja mmoja, kila mmoja kijijini kwao, wala redio haikusema lolote, wala hapakuwa na siku ambayo mtu angeweza kusimama barabarani akasema nami nimefiwa. Silinganishi msiba na msiba. Nasema tu kwamba mwaka ule niliona faida ya watu kulia pamoja wakisikika.

Mwaka uliofuata nilikutana na sista wa vifuniko, pale sokoni Mwaloni, ananunua dagaa. Alinitambua kabla sijamtambua. "Mwalimu wa hesabu!" Akanieleza kuna wazazi, kwaya mbili, klabu ya joging ya Kirumba na bodaboda wa kijiwe kimoja wanafanya matembezi ya hisani kwa ajili ya watoto wenye saratani, mwezi wa tisa, mwezi ambao duniani kote umetengwa kuwakumbuka watoto hao kwa utepe wa dhahabu. Fulana shilingi 10,000. Mgongoni unaandikiwa jina la unayetembea kwa ajili yake, awe anaumwa, amepona au ametangulia.

Nilimpelekea mke wangu habari. Alisema, "Siwezi kutembea barabarani na msiba wangu kwenye fulana." Nikaenda peke yangu.

Saa kumi na mbili asubuhi Furahisha kuna ubaridi wa ziwa na harufu ya chapati za wanaouza chai. Nilikuta watu kama mia mbili. Wazee wa joging walikuwa wanajinyoosha. Binti mmoja alikuwa na kalamu nene ya wino, anauliza jina, anaandika mgongoni. Zamu yangu ilipofika akauliza, "Nani?" Nikashindwa. Miaka karibu mitatu sikuwa nimelitamka mbele ya mgeni. Alingoja. Hakusema pole, alishika tu kola ya fulana kwa mkono mmoja ili kitambaa kisicheze, kalamu juu. Nikalisema. Nikalisikia jina la mama yangu na la mwanangu kwa sauti yangu mwenyewe, kisha nikasikia ncha ya kalamu ikikwaruza mgongoni, herufi moja moja. Ilinichoma na ilinipoza papo hapo.

Tuliondoka na matarumbeta mbele, trafiki akitusimamishia magari, tukashika barabara ya Makongoro kuelekea mjini. Wanaofungua maduka walituuliza ni kampeni ya nani. Konda mmoja wa daladala alisoma mgongo wangu kwa sauti akauliza, "Huyo ni nani, mshua?" Nikamwambia ni binti yangu. "Anaendeleaje?" Nikamwambia. Akavua kofia, gari likiwa linatembea, akaning'inia mlangoni na kofia mkononi mpaka wakapotea. Kijana wa watu, wala simjui.

Mlima wa Bugando unapoanza, matarumbeta hunyamaza. Ndiyo taratibu, kuna wagonjwa. Wapuliza tarumbeta huzikumbatia kifuani na kupanda nasi. Ukishazoea kelele ya mjini, ghafla unasikia miguu tu, viatu vya watu mia mbili juu ya lami, na pumzi. Mimi naamini matembezi yetu yako pale, kwenye ile mita mia chache isiyo na muziki. Juu dirishani watoto walio kwenye dawa hutupungia, maana hawaruhusiwi kuchangamana na umati wakati kinga yao iko chini. Kisha chini ya mti majina yanasomwa, moja baada ya jingine, na kwa kila jina tunaitika "yupo." Hata kwa waliokufa tunaitika hivyo. Sikujua nani alianzisha, na sikutaka kujua.

*

Fedha zilipohesabiwa mwaka ule palikuwa na ubishi. Wengi kwenye kamati walitaka televisheni ya wodini, na nia yao ilikuwa nzuri, watoto wanakaa muda mrefu. Mwingine alitaka vitanda. Mwenyekiti akauliza kama kuna mgeni mwenye neno.

Nikasimama na kuwaeleza habari ya wiki saba. Sikuwahi kuisimulia popote, hata kwa kaka zangu. Niliwaambia mwanangu hakukosa dawa. Dawa ilikuwepo, kitanda kilikuwepo, daktari alikuwepo na tarehe ilikuwa imepigiwa mstari. Kilichokosekana ni baba kupanda meli. Daktari aliyekuwa amekaribishwa akanyanyua kichwa akasema kuwa hilo ndilo linalomnyima usingizi. Akatueleza kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani wanapata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona, katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto hawa wapone. Kuna kuchelewa kugundua, kuna dawa kukosekana, alisema, lakini kuna kundi kubwa la watoto ambao dawa ilikuwa inawafanyia kazi na wazazi wakakatisha.

Televisheni ilinunuliwa mwaka uliofuata, na mfanyabiashara mmoja aliyeguswa. Fedha zetu zikawa nauli.

Utaratibu wake tuliubadilisha mara kadhaa mpaka ukakaa. Mwanzo tulikuwa tunarudishia: mzazi aje, aonyeshe tiketi, alipwe. Haukufaa, kwa sababu asiye na nauli hawezi kuja kudai nauli. Sasa siku mtoto anaporuhusiwa, mzazi anapewa mkononi fedha ya safari ya kurudi, kabla hajaondoka, ndani ya bahasha iliyoandikwa tarehe. Kwa wa Sengerema ni kidogo. Kwa wa Kibondo au Bariadi si kidogo. Kwa sisi wa visiwani hutegemea kama ni meli ya moja kwa moja au mtu anazunguka na kivuko cha Rugezi na Kisorya, halafu basi la Bunda. Ninazo nauli zote kwenye daftari, najua mpaka zinazopanda msimu wa sikukuu.

Na siku tatu kabla ya tarehe, napiga simu. Hiyo ndiyo kazi niliyoiomba. Napiga jioni nikitoka shule, nimekaa barazani, na ninajua watakachosema. Wachache husema fedha ya bahasha ililiwa, mvua ilibomoa nyumba, mdogo wake aliugua. Hao siwagombezi, tunatafuta namna. Wanaonitia hofu ni wale wenye furaha. "Mwalimu, huwezi kuamini, anacheza mpira!" "Mwalimu, amenenepa, hata nywele zimeanza." Mzazi anacheka kabisa kwenye simu, na mimi mapigo ya moyo yananienda mbio. Hapo ndipo ninapomwambia habari za Mama akiruka kamba. Kila mara naisimulia tangu mwanzo, na kamba, na kuku, na mdomo uliokataa kucheka. Imenichukua miaka kukubali kwamba siwezi kuisimulia bila kuumia na kwamba si lazima niweze.

Tena nawaambia walimu wenzangu, kila penye kikao: mtoto ambaye magego yanalegea kabla ya wakati, shavu linajaa, tumbo linakuwa gumu, au mboni ya jicho inang'aa nyeupe usiku kama ya paka, msiishie zahanati. Mboni nyeupe ni saratani nyingine, ya jicho, na huwashika wadogo zaidi. Mwalimu wa darasa la awali anaweza kuiona kwenye picha ya simu iliyopigwa na mwanga. Mmoja wa shule ya jirani aliiona. Yule mtoto alipoteza jicho moja, na yuko darasa la tatu.

Mke wangu alikuja matembezi yetu ya tatu. Hakunitaarifu. Nilimkuta kwenye foleni ya binti wa kalamu, amejifunga kanga ya kiunoni, ile aliyokwenda nayo Mwanza. Njia nzima hakusema na mtu. Kule juu msoma majina alipofika kwa Mama, mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niitike, nikasikia sauti yake nyuma yangu imenitangulia. "Yupo." Akakaa kwenye ukingo wa ukuta akalia mpaka akamaliza, na akina mama wawili asiowajua wakakaa naye mmoja huku mmoja kule, hawakumwambia anyamaze. Siku hizi nyumbani kwetu anatajwa. Wadogo zake waliozaliwa baadaye wanajua kopo la maziwa la juu ya kabati ni la dada yao, na kwamba halifunguliwi bila kunawa.

Septemba iliyopita, tulipokuwa tunateremka mlima na bendi imerudia kupiga, nilikutana na baba mmoja kijana anashuka kutoka wodini na mtoto wa kiume wa miaka kama mitano. Mtoto alikuwa na mhindi wa kuchoma, anautafuna kwa upande wa kushoto, upande ambao mwezi mmoja nyuma ulikuwa umevimba kama chungwa. Baba alikuwa na mzigo begani na uso umemchangamka. "Mwalimu, ameshapona kabisa huyu. Angalia!"

Nilimwangalia mtoto. Nilimwomba daftari, nikatafuta ukurasa wenye tarehe, nikatoa bahasha. Akahesabu, akasema hii inazidi, kufika kwetu Sengerema haigharimu hivyo. Nikamwambia ya kwenda utajilipia mwenyewe, hiyo ni ya kurudi, wewe na yeye. Akaitazama kidogo, akaikunja, akaiweka kati ya kurasa zenye tarehe, akafunga daftari kwa mpira wa kufungia pesa.

Siku tatu kabla ya tarehe nilipiga, simu ikaita bila kupokewa. Nikapiga kesho yake, haikupatikana. Usiku ule sikulala vizuri na mama watoto alijua, akanipikia chai saa nane za usiku. Asubuhi ya tarehe yenyewe niliomba ruhusa ya kuchelewa kipindi cha kwanza, nikapiga nikiwa nimesimama nje ya ofisi ya walimu. Iliita mara nyingi. Kisha ikapokelewa, na kabla ya sauti ya mtu nikasikia honi nzito, upepo, na watu wanapiga kelele za kushusha mizigo.

"Mwalimu, samahani, kwetu umeme ulikatika. Tuko kwenye pantoni hapa, tunaingia Mwanza."